Tairi linaloliwa upande wa ndani kwenye gari lililoshushwa: alaimenti, mikono ya kurekebishika, au kulipandisha gari?

Mwenye gari lililoshushwa anayeishi Dodoma ana njia nne anapogundua kwamba matairi yake yanaisha upande wa ndani kabla ya wakati. Anaweza kupiga alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu kwa mashine, na kuliacha gari katika kimo kilekile. Anaweza kununua mikono ya suspensheni (vyuma vinavyolishika gurudumu) au bolti maalumu za kurekebisha pembe za magurudumu. Anaweza kulipandisha gari, kwa kiasi au hadi kimo cha kiwandani. Anaweza pia kuamua kutobadili chochote na kukubali kununua matairi mara kwa mara. Kila njia ina watetezi wake gereji, na mara nyingi mtetezi wa njia ni yuleyule anayeuza kifaa chake. Ulinganisho huu unayazingatia magari yanayoonekana kwa wingi hapa, yaani Toyota Mark X, Crown, Altezza na IST, pamoja na Subaru Impreza, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na jinsi suspensheni ya gari ilivyoundwa.

Ifahamike pia kwamba mwenye gari la namna hii anakwenda kinyume na wenzake wengi. Wakati jirani wa Nkuhungu anaiwekea IST yake spesa chini ya springi ili ivuke makorongo ya mtaani baada ya mvua, yeye amekata au amebadilisha springi ili gari likaribie lami. Hakuna ubaya katika hilo, ila ushauri unaotolewa kwa magari yaliyopandishwa hauwezi kuhamishwa ulivyo ukatumika kwake.

Tairi lisomwe kwanza

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchagua dawa kabla ya kujua kinacholila tairi. Gari likishushwa hubadilika mambo mawili, nayo hayana uzito sawa. La kwanza ni kemba, yaani mlalo wa tairi likitazamwa kutoka mbele ya gari. Kemba ikiwa hasi, sehemu ya juu ya tairi imeingia ndani na uzito wa gari hulalia zaidi bega la ndani. La pili ni uelekeo, ambao mafundi huuita too, yaani namna matairi mawili ya ekseli moja yanavyotazama mbele yakiangaliwa kutoka juu. Ncha zao za mbele zinaweza kukaribiana au kuachana. Gari likishuka, mkono wa chini wa suspensheni na tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, huzunguka kwa mikunjo isiyolingana, hivyo uelekeo hubadilika hata kama hakuna mtu aliyegusa usukani wala kufungua nati yoyote.

Kemba ndiyo inayoonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Uelekeo hauonekani, na mara nyingi ndio mwuaji. Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue tairi lenye kipenyo cha milimita 600 ambalo ncha yake ya mbele imepotoka milimita 1.5 tu ikilinganishwa na ya nyuma, ambazo ni milimita 3 kwa matairi mawili ya ekseli. Ukigawanya 1.5 kwa 600 unapata 0.0025, maana yake katika kila kilomita moja tairi huburutwa kando mita 2.5 huku likibingirika. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Safari moja ya kwenda, bila ya kurudi, itakuwa imeliburuta tairi hilo kando kwa zaidi ya kilomita 1 juu ya lami yenye joto. Ikiwa wakati huohuo kemba hasi imeulaza uzito kwenye bega la ndani, basi bega hilo ndilo linalolipa karibu deni lote. Kwa upande mwingine, gari lenye kemba ya nyuzi 1.5 hasi na uelekeo ulionyooka linaweza kwenda umbali mrefu huku tofauti kati ya ndani na nje ikiwa ndogo.

Mkono wa mwenye gari unatosha kuanza uchunguzi. Gari likiwa limezimwa na kupoa, pitisha kiganja juu ya kashata, yaani uso wa tairi wenye mifereji, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama kiganja kikienda upande mmoja ni laini na kikirudi kingo zinakwaruza kama meno ya msumeno, kinacholila tairi ni uelekeo. Kama ni laini kwenda na kurudi ila limechongeka kwa mteremko kuelekea ndani, kemba ndiyo yenye neno. Kama kuna mabonde na vilima vinavyojirudia kuzunguka tairi, shokapu zimechoka au zinagonga mwisho, na hapo alaimenti haitasaidia kitu. Tairi likiisha katikati tu, upepo umezidi; likiisha mabega yote mawili, upepo ni pungufu. Na kama bega la nje limekatwa kwa mstari ulionyooka, hilo si kuisha bali ni kusuguliwa na fenda, jambo la kawaida kwa wanaovalisha rimu pana zinazochomoza.

Uchunguzi huu ufanywe kwa kupiga magoti. Bega la ndani la tairi la nyuma halionekani mtu akiwa amesimama, na wapo wanaodhani tairi bado lina nusu ya kashata kwa kuwa wameangalia upande wa nje, ilhali ndani waya zimekwisha kutokeza. Kila tairi lina vivimbe vidogo ndani ya mifereji yake vinavyoonyesha kiwango cha mwisho cha milimita 1.6, kivimbe cha mfereji wa ndani ndicho cha kufuata, hata kama vya nje viko mbali.

Alaimenti pekee

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na kwa mtu aliyeshusha gari kidogo, tuseme milimita 20 hadi 30 kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, mara nyingi inatosha. Ubora wake ni kwamba inamgusa mhalifu mkuu moja kwa moja. Upungufu wake ni kwamba magari mengi yanaruhusu kurekebisha uelekeo lakini hayaachi nafasi ya kutosha ya kurekebisha kemba. Ukipewa karatasi ya mashine ambayo uelekeo wote umekuwa wa kijani (ndani ya kiwango) na kemba imebaki nyekundu (nje ya kiwango), fundi hajakuibia. Amefika mwisho wa kile ambacho vifaa vya kiwandani vinamruhusu.

Hata hivyo, alaimenti ina masharti ambayo yasipotimizwa fedha hupotea. Ipigwe baada ya springi mpya kutulia, si siku ileile zilipofungwa. Bushi (mipira ya viungo vya suspensheni), boljointi (viungo vya mikono na gurudumu) na tairodi zilizolegea zibadilishwe kwanza, kwa sababu vipimo vinavyochukuliwa gari likiwa limesimama havitakuwa vile gari likifunga breki kabla ya tuta. Matairi yote yawe na upepo sahihi, kulingana na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa kuwa tairi moja lenye upepo pungufu hulilaza gari na kuidanganya mashine. Pia mashine iwe inapima magurudumu manne. Kunyoosha ya mbele tu kwa uzi au futi kulifaa zama za ekseli ngumu za nyuma, lakini kwenye Mark X au Altezza, ambako magurudumu ya nyuma nayo yana marekebisho yake, ni kufanya nusu ya kazi. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Asiyeweza kukupa karatasi ya kabla hajui ulipotoka.

Lipo sharti jingine linalosahaulika kwa urahisi, nalo ni mzigo. Gari lililoshushwa linalobeba dereva pekee kutoka Kisasa hadi ofisini Mtumba siku tano za wiki lipimwe likiwa na uzito wa mtu mmoja. Lile ambalo kila mwisho wa mwezi linakwenda Dar es Salaam na watu watano, na kreti za zabibu kwenye buti, hushuka zaidi nyuma kwa safari nzima, na kemba ya nyuma huongezeka kadiri linavyoshuka. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na karatasi ya kijani na bado likamaliza matairi ya nyuma, kwa sababu lilipimwa likiwa tupu na linaishi likiwa limejaa.

Mikono ya kurekebishika na bolti za kemba

Hapa ndipo muundo wa gari unapoamua. Mark X, Crown na Altezza zina suspensheni ambayo gurudumu hushikwa na mikono ya juu na ya chini, na mikono hiyo kwa kawaida huongeza kemba hasi kadiri gari linavyoshuka. Huo si ubovu. Watengenezaji waliikusudia ili tairi likanyage vizuri gari linapolala kwenye kona. Tatizo ni kwamba gari lililoshushwa linakaa katika hali ya kona saa zote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Mtu aliyelishusha kwa milimita 40 au zaidi anaweza kukuta kemba ya nyuma imepita nyuzi 2 hasi, na marekebisho ya kiwandani, kama yapo, yasitoshe kuirudisha. Kwa gari kama hilo mikono ya nyuma inayorefushwa na kufupishwa ndiyo dawa yenyewe. Izingatiwe tu kwamba ukirekebisha kemba unauvuruga uelekeo, kwa hiyo alaimenti ya baada ya kufunga ni sehemu ya bei ya mikono.

IST ni kisa kingine kabisa, na hapa ndipo wengi huuziwa wasichohitaji. Mbele ina shokapu iliyobeba springi na mkono mmoja wa chini. Uelekeo hurekebishwa kwenye tairodi. Kemba haina marekebisho ya kiwandani, lakini bolti ambayo sehemu yake moja haiko katikati ya mhimili, inayowekwa badala ya moja ya zile zinazoishika shokapu, inaweza kurudisha nyuzi moja hivi, nayo ni kifaa cha bei ndogo. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Boriti hiyo ikishushwa sawasawa pande zote mbili, kemba na uelekeo havibadiliki kwa kiasi cha maana, kwa kuwa hubembea juu na chini, si kando. Basi IST inayokula matairi ya nyuma upande mmoja haina ugonjwa wa kushushwa. Boriti yake imepinda baada ya kugonga ukingo wa barabara au kuingia shimoni, au bushi zake zimekwisha. Hakuna mkono wa kurekebishika wa kununua hapo. Linahitajika jicho la fundi, na huenda boriti nyingine.

Subaru Impreza ina jambo la ziada linaloigusa njia hii na zote zinazofuata. Katika nyingi magurudumu manne yanaendeshwa kwa pamoja, na matairi yenye mzingo usiolingana hulifanya gia la katikati, linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, lifanye kazi isiyo yake hata barabara ikiwa imenyooka. Mwenye Impreza ya namna hiyo hana uhuru wa kubadili matairi mawili yaliyoisha na kuacha mawili yenye nusu. Kwake, kuchelewa kurekebisha pembe kunaweza kumaanisha matairi manne badala ya mawili, hivyo vifaa vya kurekebisha hurudisha gharama yake mapema zaidi kuliko kwa mwenye Mark X.

Je, vifaa hivi vinalipa? Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, kwa hiyo nitatumia namba za mfano tu, na msomaji aweke zake. Tuseme matairi mawili ya nyuma ni shilingi 400,000. Yakidumu kilomita 40,000, kila kilomita 1,000 inagharimu shilingi 10,000. Yakiisha kwa kilomita 12,000, inagharimu zaidi ya shilingi 33,000. Mtu wa kwanza huendesha ndani ya jiji tu, kilomita 8,000 kwa mwaka; hasara yake ni karibu shilingi 187,000. Mtu wa pili huongeza safari ya Dar es Salaam kila mwezi na kufikisha kilomita 18,000 au zaidi. Hasara yake ni shilingi 420,000. Seti ya mikono ya shilingi 500,000 itamchukua wa kwanza karibu miaka mitatu kuirejesha, na huenda gari atakuwa amekwisha kuliuza. Wa pili atairejesha ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Kwa maoni yangu, anayeishia kwenye vipilefti vya mjini asikimbilie mikono. Aanze na alaimenti, kisha apandishe gari kidogo.

Kulipandisha

Njia hii haipendwi kwa sababu inaonekana kama kushindwa, lakini kwa hali ya barabara za kwetu ina faida ambazo nyingine hazina. Haiponyi kemba na uelekeo pekee. Inairudishia shokapu nafasi ya kucheza, na inaliepusha tumbo la gari na matuta ya Kibaigwa, Gairo na Manyoni, ambayo hayajali gari limegharimu kiasi gani. Tena si lazima kurudi hadi kimo cha kiwandani. Kutoka milimita 40 za kushuka hadi 20 kunaondoa sehemu kubwa ya kemba iliyozidi, na macho ya wapita njia hayatatambua tofauti.

Urahisi wake unategemea jinsi gari lilivyoshushwa. Mwenye koilova, yaani shokapu yenye springi na pete ya kurekebisha kimo, anazungusha pete na kazi imekwisha, isipokuwa alaimenti ya baadaye. Vumbi letu ndilo adui wake, kwani uzi wa koilova usiosafishwa na kupakwa mafuta huganda hadi pete isigeuke. Mwenye springi fupi za dukani anaweza kuweka za kiwandani mbele au nyuma tu, ilimradi gari lisiiname. Aliyekata springi kwa grainda hana cha kurekebisha, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, jambo linaloweza kutokea katika korongo lolote la mtaani. Iliyochomwa kwa gesi ni mbaya zaidi: moto umeondoa ugumu wa chuma, nayo itaendelea kushuka yenyewe, upande mmoja haraka kuliko mwingine. Kwa magari ya makundi haya mawili sioni haja ya kulinganisha njia. Springi za kiwandani zilizotumika hupatikana kwa wauza vipuri vya magari ya Japani kwa bei isiyozidi sana ile ya alaimenti chache, na alaimenti yoyote inayopigwa juu ya springi iliyochomwa ni ya muda mfupi.

Kuacha lilivyo

Njia ya nne si upumbavu kama inavyosemwa. Gari linaloendeshwa Jumapili tu, kilomita 2,000 kwa mwaka, litazeesha matairi yake kwa umri kabla kemba haijayamaliza. Anayeichagua njia hii anaweza kuongeza maisha ya tairi kwa kumwomba fundi pancha aligeuze kwenye rimu, upande wa ndani uwe nje. Hilo linawezekana kwa matairi ambayo pande zake zinafanana. Tairi lenye maandishi yanayotenga upande wa ndani na wa nje lisigeuzwe, na lenye mshale wa mwelekeo lihamishiwe upande wa pili wa gari baada ya kugeuzwa. Kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma nako kunasaidia, isipokuwa kwa waliovalisha rimu za nyuma pana kuliko za mbele.

Haifai kabisa kwa msafiri. Tairi la mtumba linalonunuliwa kwa sababu tu litaisha upesi huwa tayari na umri. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni zinaonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Tairi la namna hiyo, lililoliwa bega la ndani, likipakiwa familia na kukimbizwa mchana wa Oktoba kati ya Gairo na Dumila, hupasuka pale palipobaki pembamba, na pale ndipo mwenye gari hajapaangalia.

Anayechagua njia yoyote kati ya tatu za kwanza anunue kipimo kidogo cha kina cha kashata, aandike kina cha ndani na cha nje cha kila tairi siku ya alaimenti, kisha apime tena baada ya kilomita 1,000 na baada ya 3,000. Ndani ikipungua kwa kasi inayokaribiana na ya nje, hata kama kemba bado ni nyekundu kwenye karatasi, hakuna kifaa kingine cha kununua. Tofauti ikiendelea kupanuka ilhali uelekeo ulinyooshwa, arudi na karatasi zote mbili kwa fundi, na swali la kwanza liwe la bushi, la pili la kimo, na la mikono lije mwisho.